Mgeni ni Wenu, Mbuzi ni Wetu



Wiki hii nilipanga kuwaandikia tafakari juu ya sala ya asubuhi. Nimeiweka pembeni. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mdahalo tulioufanya parokiani baada ya Misa ya pili, na nimeona bora niliandike kuliko kuendelea kulibeba peke yangu.

Mada ya mdahalo ilikuwa hii: je, ni haki kuwarudisha simba na wanyama wengine wakali katika maeneo walikokwisha kutoweka, wakati sasa kuna watu na mifugo jirani? Mtu wa mbali anaweza kushangaa, simba wameingiaje kanisani? Sisi wa Karagwe hatushangai. Ng'ambo ya Mto Kagera iko Hifadhi ya Akagera, nchini Rwanda, ambako simba walirudishwa mwaka 2015. Na upande wetu, baada ya Burigi-Chato kutangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, wapo simba walioletwa kutoka maeneo ya Serengeti, walikokuwa wakiingia vijijini na kuua ng'ombe. Kwa hiyo simba kwetu si yule wa kwenye noti ya shilingi elfu mbili tu. Ni habari ya nyumbani.

Alianza kaka mmoja anayesoma mambo ya wanyamapori chuoni. Jamani, aliongea! Akaeleza kwamba pori likikosa simba linapoteza utaratibu: swala na nyati wanazidi, nyasi zinaisha, wanyama dhaifu na wagonjwa wanabaki kundini. Akaeleza habari za watalii na ajira. Akasema simba ni kiumbe cha Mungu, na aliyemfukuza ni sisi. Akamalizia kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukapiga makofi mpaka mabati yakaitikia.

Ndipo akasimama dada mmoja aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi, ambaye mama yake anafuga mbuzi. Hakuwa na karatasi. Akasema: "Kaka, umesema vizuri. Mimi nina swali moja tu. Huyo mgeni ni wenu, mbuzi ni wetu. Sasa anayepona ni mwenyeji yupi?"

Watu wakacheka. Halafu wakanyamaza. Wakageuka kuniangalia mimi, maana ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa mdahalo. Nikasema muda umekwisha, tusali Salamu Maria, tutawanyike.

Kusema ukweli, muda ulikuwa bado. Nilikimbia. Na sababu ya kukimbia ni ndoo.

*Ndoo*

Nilikuwa darasa la nne, naishi kwa babu na bibi katika kijiji kisicho mbali na mto. Babu alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Hakuwa tajiri, lakini kwa mbuzi hao tulipata sare za shule, daftari, mafuta ya taa na chumvi. Mmoja wao, jike jeupe lenye sikio lililochanika, lilikuwa na mimba, na bibi alikuwa ameshalipangia: likizaa tunauza, mama mdogo anakwenda sekondari.

Usiku mmoja chui akaingia zizini. Zizi lilikuwa la miti na miiba, kama mazizi yetu mengi. Asubuhi tukafuata damu hadi kichakani, tukamkuta yule jike ameliwa nusu.

Babu hakupiga kelele. Alikwenda dukani, akarudi na chupa ndogo ya sumu ya wadudu wa shambani. Jioni akaniita: "Mjukuu wangu, lete ndoo." Nikabeba ndoo ya maji hadi kichakani. Nikashika tochi huku yeye akiipasua ile nyama na kuimiminia sumu, kisha akanawa mikono kwenye maji niliyobeba. Akaniambia nisimwambie bibi.

Asubuhi tukakuta fisi wawili wamekufa. Tukakuta tumbusi, sikuweza kuwahesabu, wametawanyika chini kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Na mbwa wetu wawili. Mmoja tulikuwa tunamwita Simba. Bibi alikaa kwenye kizingiti cha mlango akalia, na alipotuuliza ni nini kimewaua, mimi na babu tukaangalia chini.

Chui hatukumwona. Wiki tatu baadaye alichukua mbuzi wa jirani. Kiangazi kilichofuata ng'ombe wa jirani mwingine alikufa kwa ugonjwa, na mzoga ukakaa siku nyingi ukinuka kijiji kizima, maana wasafishaji wa pori tulikuwa tumewaua wenyewe. Na mama mdogo hakwenda sekondari mwaka ule.

Ndiyo maana siku ya mdahalo nilinyamaza. Ningesimama upande gani? Najua uchungu wa mbuzi aliyeliwa, na najua uzito wa ile ndoo. Mimi nimo pande zote mbili.

*Maandiko yako upande gani?*

Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia nikitafuta jibu la haraka. Sikulipata. Nilipata jibu la polepole.

Zaburi ya 104 inawataja simba wachanga wakinguruma usiku, na mzaburi anauita mngurumo huo ombi: wanamwomba Mungu chakula chao. Jua likichomoza wanarudi kulala, ndipo mwanadamu anatoka kwenda kazini kwake mpaka jioni. Umeona? Ni kama zamu mbili za kazi, na mwenye shamba ni mmoja. Simba si mvamizi pale, na mkulima si mvamizi. Katika Mwanzo sura ya 9, baada ya gharika, Mungu anafanya agano na Nuhu na wanawe, halafu analipanua: limo kila chenye uhai kilichotoka katika safina, hata wanyama wa mwituni. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba viumbe vingine havikuwekwa duniani kwa ajili ya kututumikia tu, bali vina thamani yao mbele ya Mungu. Kwa hiyo yule kaka wa chuoni hakukosea.

Lakini Biblia hiyohiyo inatuletea kijana mchungaji anayeitwa Daudi. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, anamweleza mfalme Sauli jinsi simba au dubu alivyokuja kunyakua mwana-kondoo, naye akamfuatia, akampokonya na kumuua. Hakuna nabii aliyemkaripia kwa hilo. Alikuwa kazini, akilinda kundi la baba yake. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inaweka mizani vizuri: kuwatesa wanyama na kuwaua ovyo ni kinyume cha heshima ya binadamu, na pia haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu ya watu. Kwa hiyo na yule dada hakukosea.

Sasa tufanyeje, kila mtu akiwa na haki yake? Hapo ndipo nilipokutana na Daudi kwa mara ya pili. Safari hii si mchungaji tena. Ni mfalme.

*Mgeni wa tajiri*

Kisa mnakijua, kiko katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Nabii Nathani anamwendea Daudi na kumsimulia habari za watu wawili wa mji mmoja. Tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi mno. Maskini ana kondoo mmoja mdogo aliyemnunua na kumlea pamoja na watoto wake, kama binti yake. Tajiri akapata mgeni. Akaona uchungu kuchinja katika mifugo yake, akamchukua yule kondoo wa maskini, akamwandalia mgeni.

Daudi akawaka hasira, asijue kwamba anasimuliwa habari zake mwenyewe.

Nimesikia mahubiri ya kisa hiki mara nyingi, na mara zote nilifikiria dhambi ya Daudi na mke wa Uria. Ni sawa, ndiyo maana yake. Ila safari hii nikamwangalia mgeni. Nathani hasemi mgeni alikosea kuja. Hasemi mgeni alikosea kula. Kumkaribisha mgeni ni jambo jema, na tajiri yule pengine alisifiwa mjini kwa ukarimu wake. Kosa liko kwenye hesabu: ukarimu ni wake, gharama ni ya mwingine.

Si ndicho alichosema yule dada? Hakusema simba asije. Aliuliza nani anachinja.

Tuangalie sasa hapo ng'ambo ya mto. Hifadhi ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wakimbizi wengi walirudi Rwanda, wengine na ng'ombe wao, katika nchi ndogo yenye watu wengi. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya hifadhi ilitolewa ili watu wapate mahali pa kuishi na kuchungia. Simba wakala ng'ombe, wafugaji wakawatilia sumu, na baada ya miaka michache simba wakaisha kabisa. Sitaki kijana yeyote awahukumu watu wale akiwa amekaa kwenye kiti chake na simu mkononi. Mtu aliyerudi kutoka ukimbizini, ng'ombe wake ndiyo benki yake, ndiyo mahari ya mwanawe, ndiyo yote aliyobaki nayo. Mimi niliyebeba ndoo kwa ajili ya mbuzi mmoja nitasema nini?

Mwaka 2010 serikali ya Rwanda iliingia ubia na shirika la African Parks kuisimamia hifadhi ile. Na hapa naomba muangalie mpangilio wa hatua, maana ndani yake mna mahubiri. Simba hawakuja kwanza. Kwanza ulijengwa uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi, ambako wanaishi watu, ukakamilika mwaka 2013. Simba walikuja 2015, miaka miwili baadaye: majike matano na madume mawili kutoka Afrika Kusini, kwa ndege hadi Kigali, kisha kwa barabara. Wakakaa kwanza ndani ya boma maalum, wakiwa wamevishwa kola za satelaiti ili ijulikane kila mmoja yuko wapi. Mwaka 2017 yakaongezwa madume mawili. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi zake inayorudi kwa jamii jirani, kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10. Na upo mfuko wa serikali wa kuwalipa fidia wananchi wanaodhuriwa na wanyamapori. Leo simba wa Akagera wanahesabika kwa makumi.

Sisemi kwamba kila mfugaji wa kule analala usingizi wa pono. Uzio haufuti hofu yote. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumleta mgeni, kuna watu walikaa wakauliza: atakula nini, na nani atalipa?

Na kwetu? Sisi nchi yetu ina maneno mazuri sana. Mnyama akiharibu shamba au akiua mfugo, kanuni za mwaka 2011 zinatambua kifuta jasho. Akijeruhi au kuua mtu, kinaitwa kifuta machozi. Lugha hiyo iko karibu kabisa na kitabu cha Ufunuo, sura ya 21, ambako Mungu mwenyewe anayafuta machozi ya watu wake. Lakini mara ngapi tumewasikia wabunge wakilalamika bungeni kwamba kiasi ni kidogo na kinachelewa? Mtu anayelia leo humwambii asubiri kitambaa mpaka mwaka wa bajeti ujao. Ukiita fedha kifuta machozi, basi ifike machozi yakiwa bado shavuni.

Wala tusidhani ni matatizo ya Afrika peke yake. Kaskazini mwa Italia, katika mkoa wa Trentino, dubu walikuwa wamebaki wachache mno. Kati ya mwaka 1999 na 2002 wakaletwa dubu 10 kutoka Slovenia. Wakazaana vizuri milimani. Mwezi Aprili 2023 kijana mmoja aliyekuwa akikimbia mazoezi msituni aliuawa na dubu. Nchi nzima ikagawanyika, hawa wanataka dubu wapunguzwe, wale wanawatetea, na mabishano yakafika mahakamani. Na katikati ya kelele zote yupo mama aliyempoteza mtoto. Mbele ya mama huyo, yule kaka wetu wa chuoni, na mimi pia, tungeshusha sauti kwanza. Uzuri wa jambo hauondoi wajibu wa kumwangalia usoni aliyelipa.

*Mji uliolisha*

Mtakatifu Fransisko wa Asizi tunampenda sana sisi vijana, hasa picha zake na ndege mabegani. Kuna kisa cha kale kinachosimuliwa juu yake na mbwa mwitu wa Gubbio. Mbwa mwitu yule alikuwa anakula mifugo na watu, mji mzima umejifungia. Fransisko akatoka mikono mitupu, akamfanyia ishara ya msalaba, akamwita ndugu, akamkemea kwa mauaji yake. Mnyama akainamisha kichwa.

Wengi tunaishia hapo. Tunasema, tazama upendo unavyomshinda hata mbwa mwitu! Lakini kisa hakiishi hapo. Fransisko alijua kwamba mnyama yule aliua kwa sababu ya njaa. Akamleta mjini, akafanya mkataba wa pande mbili: wewe hutamdhuru mtu wala mfugo tena, na ninyi watu wa Gubbio mtamlisha kila siku maisha yake yote. Ikawa hivyo. Mbwa mwitu akawa anapita mlango kwa mlango, leo nyumba hii, kesho ile, na alipokufa kwa uzee watu walihuzunika.

Mlango kwa mlango! Si mlango wa mjane aliyeko pembeni mwa mji peke yake. Muujiza wa Gubbio kwangu mimi uko pale mji mzima ulipokubali kugawana gharama ya amani. Kumtuliza mnyama Fransisko alifanya kwa siku moja. Kulisha, watu walifanya miaka.

*"Nivumilie na nini?"*

Jumatano nilipanda bodaboda nikaenda kwa babu. Macho yake sasa hayaoni vizuri, ananitambua kwa sauti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na mvua."

Tulipomaliza kunywa chai nikamuuliza habari ya ndoo. Hatukuwahi kuizungumza tangu siku ile. Akakaa kimya, nikadhani hajasikia. Kisha akasema: "Ile ilikuwa dhambi. Niliiungama zamani, kabla wewe hujapata Kipaimara. Wale mbwa walikuwa wakinisubiri njiani kila jioni."

Nikataka kumfariji. Akaninyoshea mkono ninyamaze. "Lakini na mimi nikuulize. Asubuhi ile damu ikiwa bado mbichi, nani alikuja hapa? Bwana nyama alikuja baada ya kusikia tumbusi wamekufa, akanigombeza. Jumuiya walisali Alhamisi ile nyumba ya pili tu kutoka hapa, wanatujua, wameona zizi. Wakaniambia, mzee, vumilia. Nivumilie na nini?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina. Ila nimeelewa kitu. Babu alitenda dhambi kwa mikono yake, na alikwenda kuiungama. Sisi wengine, mwanzoni mwa kila Misa, tunaungama pia yale tuliyoacha kuyatenda. Dhambi ile ya kichakani ilikuwa na wenyewe wengi. Chupa ilikuwa ya babu, lakini upweke uliompeleka dukani ulikuwa wetu sote.

*Simba wengine tunaowarudisha*

Vijana wenzangu, huenda wewe unayesoma uko Dar es Salaam au Mwanza, hujawahi kuona hata fisi. Usiseme tafakari hii si yako. Sisi Wakristo kazi yetu ni kurudisha. Tunaamini katika msamaha, tunaamini hakuna aliyefukuzwa milele. Hiyo ni Injili. Lakini angalia tunavyorudisha.

Mume aliyempiga mke wake mpaka akakimbilia kwa wazazi, wazee wanakaa, jumuiya inakaa, tunamwambia mke: mwanangu, ndoa ni uvumilivu, msamehe mwenzio, rudi nyumbani. Tunaondoka tumeridhika, tumepatanisha. Usiku nani yuko ndani ya zizi lile? Uzio uko wapi? Nani atapita kesho kuuliza hali? Mgeni ni wetu, mbuzi ni wake.

Kijana aliyekula fedha za kikundi, tunampigia makofi ya kumpokea, ni vizuri. Halafu mweka hazina, binti wa watu, anabaki analipa deni la duka peke yake. Tumesamehe kwa mfuko wa nani?

Sisemi tusisamehe. Isaya sura ya 11 inatuahidi siku ambayo mbwa mwitu atakaa na mwana-kondoo, nami naisubiri siku hiyo kwa moyo wote. Ila nimegundua kwamba njia ya kuifikia ina gharama, na swali la Mungu kwetu ni nani anayeibeba. Rehema inayolipwa na mtu asiyeulizwa inabaki kuwa kondoo wa maskini mezani kwa tajiri.

Na Bwana wetu je? Katika Injili ya Yohane, sura ya 10, anajiita mchungaji mwema, na anamtaja mtu wa mshahara ambaye akimwona mbwa mwitu anakuja, anakimbia na kuwaacha kondoo. Yesu hakukimbia. Alipotaka kuturudisha sisi, tuliokuwa wakali kuliko mnyama yeyote wa porini, hakumpelekea mtu mwingine deni. Alilipa mwenyewe, msalabani, mwili na damu. Kila Misa tunakula karamu ambayo mwenyeji alijitoa mwenyewe.

Ndiyo maana nampenda Daudi wa tatu, yule mzee, mwishoni kabisa mwa kitabu cha pili cha Samweli. Tauni imeipiga nchi, anataka kumjengea Mungu madhabahu kwenye uwanja wa Arauna wa kupuria nafaka. Arauna anampa vyote bure: uwanja, ng'ombe, kuni. Daudi anakataa. Anasema atanunua, maana hawezi kumtolea Mungu wake sadaka isiyomgharimu kitu. Ni yuleyule aliyekula kondoo wa maskini! Nathani hakupoteza maneno yake.

*Tufanye nini?*

Kwanza, usitoe sadaka ya mbuzi wa mwingine. Kabla ya kumwambia mtu vumilia, samehe, pokea, jiulize: mimi nachangia nini? Kama huchangii kitu, funga mdomo kwanza, fungua mkono.

Pili, fika. Ukisikia mnyama ameingia zizini kwa mtu, fika asubuhi ileile damu ikiwa mbichi. Nenda na vijana wawili na panga la kukata miti. Msaidie kutoa taarifa kijijini na kwa wahusika, msaidie kuandika barua ya kifuta jasho, maana wazee wetu wengi hawaziwezi karatasi zile. Mtu aliyetembelewa hatafuti chupa.

Tatu, ndugu yangu mfugaji, nakuomba kama mtu aliyebeba ndoo: sumu usiiguse. Haichagui. Inaua mbwa wako na tumbusi wa Mungu, na kesho inaweza kumfikia mtoto aliyeokota nyama. Imarisha zizi, lala karibu, piga kelele, tuite. Na sisi tukiitwa tuje.

Jumapili hii nilisimama mbele ya vijana, nikamwomba radhi yule dada kwa kuukatisha mdahalo wake. Yule kaka wa chuoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa noti mfukoni. Tulipohesabu, fedha zilitosha waya wa pande mbili tu za zizi la mama yake. Jumamosi tulikwenda tukafunga pande mbili kwa waya, pande mbili tukaziba kwa miti na miiba mipya, tukarudi tumechubuka mikono. Mwezi ujao tunaendelea na upande wa tatu. Mama yule alitupikia ndizi. Hakuchinja mbuzi, na hatukumwomba.

*Tusali*

Ee Mungu, uliyeumba simba na mbuzi, nawe unasikia mngurumo wa mmoja na mlio wa mwingine, utusamehe kwa mara zote tulizokuwa wakarimu kwa mali ya maskini. Uwalinde wanaolala karibu na mazizi yao usiku wa leo. Uwape viongozi wetu moyo wa kuuliza nani analipa kabla ya kuamua. Utufundishe sisi vijana kufika mapema, na kukutolea sadaka inayotugharimu. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Mama wa Yesu Mchungaji Mwema, utuombee.

Wiki njema, wapendwa. Na kama kwenu kuna zizi bovu, mnajua pa kuanzia.